Mama na Benchi la Nyuma

Wajukuu wangu wana tamthilia yao kwenye televisheni: mwanamke anaongea na wafu, polisi wanamfuata nyuma wakikamata wauaji. Kila muuaji akinaswa, wanapiga makofi. Hee! Mimi nimezaliwa na mwanamke wa namna hiyo, wala sikusikia mtu akimpigia makofi.

Mama aliwaona waliokufa tangu usichana wake, huko kwetu milimani, Gonja. Alipobatizwa aliwaahidi wazee wa kanisa kwamba ameacha, na kweli alinyamaza miaka mingi. Ndipo kijana wa jirani akapotea. Mara ya mwisho alionekana akigombana na mjomba, mdogo wake mama, juu ya mizinga ya nyuki. Askari wa Mwingereza wakapanda kutoka bomani Same, wakamtia mjomba pingu. Watu wakasema waziwazi kwamba atanyongwa.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini hilo la wafu hakuligusa. Nani angemwamini dada wa mshitakiwa?

Aliyekuja kwetu ni mama mzazi wa yule kijana. Mama mkali huyo! Ndiye aliyekuwa akimsema mama kanisani kuliko wote. Nikamwamkia shikamoo, hata hakuitikia. Alimwendea mama, aliyekuwa anapepeta maharage uani.

"Mambo ya ndugu yako siyajui," akasema. "Namtaka mwanangu. Yuko wapi?"

Mama akaweka ungo chini. "Nikikujibu, wazee wa kanisa watanitenga."

"Nakuuliza, mwenzangu. Nimechoka."

Mama akafumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa analia. "Yuko chini ya ule mwamba wenye mizinga, upande wa mto. Kamba aliyoteremkia ilikatika. Anasema hakusukumwa na mtu."

Wanaume wakateremka pamoja na askari, wakamkuta palepale, kamba ingali kiunoni. Ncha yake ililika kwa kusuguana na jiwe. Haikukatwa kwa kisu. Mjomba akaachiwa. Mama alionaje? Sijui, na sikumwuliza. Najua tu kwamba siku ile nilimpenda hadi kifua kikaniuma.

Wazee wa kanisa nao hawakuchelewa: wakamtenga na Meza ya Bwana. Jumapili ya chakula kitakatifu tukakaa benchi la nyuma kabisa, mimi nimenuna, nikiwatukana wazee kimoyomoyo mmoja baada ya mwingine. Watu wakaitwa mbele. Yule mama mfiwa akainuka kwenye benchi lake la kwanza, akaipa madhabahu mgongo, akaja kuketi nasi.

Mama akamnong'oneza, "Nenda, dada. Wewe hujatengwa."

Yeye hakunong'ona. "Umenirudishia mwanangu nikamzika. Huko mbele niende na nani?"

Akamshika mama mkono, na hakuuachia mpaka ibada ilipokwisha.