Akiba ya Mshono kwa Mtu Asiyenenepa

Faudhia Masoudi alikuwa fundi cherehani wa Ruangwa ambaye hakuwahi kurudishiwa nguo kwa sababu ya kubana. Jambo hilo alilijua kuliko mtu mwingine yeyote, na ingawa hakuwa msemaji, alikuwa na njia zake za kuhakikisha kwamba wengine nao wanalijua. Mteja aliyefika barazani kwake alipimwa mara tatu, vipimo vikaandikwa kwa wino katika daftari, na kila mshono ukaachiwa akiba ya sentimita mbili: kile kitambaa cha ziada kinachokunjwa kwa ndani ili siku mwili ukiongezeka, mshono ufumuliwe na gauni litanuliwe. Msimu wa korosho ukiwa mzuri, miili ya Ruangwa huongezeka. Faudhia alikwisha kutanua magauni mengi mno kuweza kumshonea mtu yeyote bila akiba.

Kosa lake lilianzia kwenye hayo maneno, mtu yeyote.

Kwa mwaka mzima, kila Jumamosi mchana, alikuwa akishona nguo zisizoshikika. Alizichora kwenye kompyuta ya steshonari ya Anselmo, kwa ajili ya mchezo mmoja wa simu uliopendwa sana na vijana. Katika mchezo huo kila mchezaji ana avata wake, yaani mtu wa kuchora ambaye humvika apendavyo na kumtembeza humo ndani, na avata huvaa kwa tabaka: gauni, juu ya gauni koti, juu ya koti kanga. Wachoraji wengine walitoa seti ishirini kwa mwaka. Faudhia alitoa moja. Wenzake, kwa maoni yake ambayo hakuyatamka, walichora rangi. Yeye alichora nguo. Alichora bitana ya kufunika mishono kwa ndani. Alichora upindo. Na ndani kabisa, mahali ambapo jicho la mchezaji halingefika, alichora akiba ya mshono ya sentimita mbili.

Habari zikafika Nachingwea, kwenye chuo cha ufundi alikosomea ushonaji kwa miaka miwili. Mwalimu Koleta, aliyemfundisha huko, akampigia simu. Alhamisi angepewa muda wa saa moja mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili aonyeshe kazi hiyo. Saa hiyo ikienda vizuri, angechukuliwa kuifundisha siku mbili kwa wiki. Faudhia akajibu, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa bei ya uzi. Tangu siku yake ya kwanza chuoni alitamani kusimama mbele ya ubao ule, na hakuwahi kumwambia mtu.

Jumapili alikwenda Nkowe kumwonyesha bibi yake. Alilifungua gauni kwenye simu, akaligeuza ndani nje, kwa kuwa huko ndiko alikojivunia zaidi. Bibi Hadija, aliyechanganya Kiswahili na Kimwera kwa kipimo alichokijua mwenyewe, aliishika simu mbali na macho.

"Mke mwenzangu, huyu uliyemshonea anakula?"

"Hali chochote, bibi. Ni picha."

"Anazaa?"

"Hazai."

"Basi hizi nafasi za pembeni umemwachia za nini?"

Kwa dakika kumi nzima Faudhia akamfafanulia, kwa upole, nidhamu ya ushonaji. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akarudi kwenye korosho alizokuwa akibangua.

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Jumanne likatoka tangazo. Wenye mchezo walikuwa wamebadilisha namna nguo za tabaka zinavyokaa mwilini. Zamani mchezo uliificha nguo ya chini na kuivuta ya juu iufuate mwili, kana kwamba chini yake hakuna kitu. Sasa kila nguo ingekaa juu ya kile kilichomo chini yake kwa kweli, bila kuficha chochote. Faudhia alilisoma tangazo mara tatu, akalinakili katika daftari, akajisikia kama mtu aliyeshinda kesi. Waliokuwa wakichora rangi sasa wangeumbuka.

Jumatano alipita kwa Anselmo kuchukua kazi yake kwenye flashi.

"Dada Faudhia, mvalishe kwanza tumwone," Anselmo akamwambia. "Wamebadilisha mambo."

"Nimeshapima, kaka Anselmo."

"Kupima umepima. Mimi nasema mvalishe."

"Umewahi kusikia nimerudishiwa nguo?"

Anselmo akakiri kwamba hajasikia, akarudi kwenye mashine yake ya fotokopi. Na huyu ndiye Faudhia ambaye, chuoni, alimnunia mwenzake wiki nzima kwa kumkabidhi mteja sketi bila kumjaribisha.

Alhamisi saa nne alikuwa darasani Nachingwea, blauzi imepigwa pasi hadi mikunjo ikaogopa kurudi. Mwalimu Koleta aliketi nyuma, mikono kifuani. Faudhia alitumia dakika ishirini kueleza nidhamu, na akahitimisha kwa sentensi aliyoiandaa tangu Jumatatu:

"Fundi wa kweli huonekana ndani ya nguo yake."

Kisha akamvalisha avata, kwa projekta ukutani, mbele ya wote.

Gauni lilipoingia, yule binti wa kuchora akanenepa kidogo, kama mtu aliyetoka likizo. Koti lilipoingia, mikono yake ikaanza kupaa. Bitana ilikuwa ikiisukuma akiba, akiba ikiusukuma upindo, na vyote kwa pamoja vikilisukuma koti. Kanga ilipoingia, mikono ilikwisha kunyooka pande zote mbili, na kanga yenyewe ikasimama mbali na mwili kama mwavuli. Shingo haikuonekana tena.

Msichana wa mstari wa mbele, Samia, akanyoosha kidole.

"Dada fundi, huyo amebeba nini humo ndani?"

"Gunia la ufuta," mwingine akamjibu kutoka nyuma. "Anakwepa ushuru."

Darasa likaangua kicheko. Faudhia akazipima njia za kutokea. Angeweza kuwasingizia wenye mchezo, au umeme, au Anselmo. Kwa mazoea yake alizipima mara tatu, na hakuna hata moja iliyomkaa.

"Nimemwachia akiba ya mshono," akasema.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Koleta akainama mbele.

"Huyu wa kompyuta?"

"Ndiyo, mwalimu. Sentimita mbili. Kwenye kila nguo."

"Ili akinenepa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Koleta akavua miwani, akajifuta macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na hukumjaribisha."

"Sikumjaribisha."

Hilo ndilo lililomchoma Faudhia. Mwalimu akaitazama saa ya ukutani.

"Zimebaki dakika thelathini na tano, Faudhia. Fumua."

Akafumua. Aliligeuza gauni ndani nje, akaondoa kipande kimoja baada ya kingine, na kwa kila kipande akaeleza kwa nini mtu wa nyama anakihitaji na kwa nini huyu hakihitaji. Wanafunzi wakasogeza viti. Kila akiba ilipotoka, mikono ya yule binti ilishuka kidogo, na darasa likaanza kuhesabu kwa sauti.

"Na bitana, mwalimu, nayo inatoka?" Samia aliuliza.

"Inatoka." Ilikuwa bitana bora kuliko zote alizowahi kushona.

"Na upindo, mwalimu?"

Faudhia alikwisha kujibu ndipo alipotambua ameitwa nani.

Kengele ilipolia, kanga ilikuwa imetulia mabegani. Mwalimu Koleta alimsubiri mlangoni.

"Njoo Jumatatu uanze. Somo la kwanza ni kumjaribisha mteja, na mfano utakaotumia ni huu."

"Huu uliorekebishwa, mwalimu?"

"Hapana. Ule wa gunia. Kila darasa jipya, kila mwaka."

"Sawa, mwalimu."

Ndani ya basi la kurudi Ruangwa, Faudhia alifungua daftari kwenye ukurasa wa avata, akakata maandishi ya sentimita mbili kwa mstari wa rula, na pembeni akaandika: sifuri. Aliitazama ile sifuri kilomita nyingi. Walipokaribia Ruangwa akaikata nayo, akaandika: milimita moja. Wenye mchezo wangeweza kubadilisha mambo tena.