Anayepokea Simu ya Zamu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Tumpe Mwakalinga amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, mtaa wa Darsait jijini Maskati, Oman, kichwa cha binti yake Sekela kikiwa katikati ya magoti yake. Butu la kushoto limekwisha. Anachambua nywele za upande wa kulia kwa kitana, chai inachemka, na mtoto wa miaka minne analalamika kama kila siku.

"Mama, unaning'oa!"

"Sikung'oi. Tulia, limebaki moja."

Juu ya jokofu, simu inaita.

Si simu ya Tumpe. Ni simu ya zamu ya usharika, nyeusi, ya bei rahisi, mgongoni imebandikwa karatasi yenye msalaba na namba. Mwenye kuipokea anatakiwa awe mumewe, Ambakisye, ambaye ni mwanafunzi wa uchungaji. Lakini Ambakisye ameshapanda basi la kampuni. Ni fundi wa viyoyozi, na kutwa huwa juu ya mapaa ambako husikii hata mtu anayekuita kwa jina. Kwa hiyo simu ya zamu huiacha nyumbani, na yake huifungia ndani ya sanduku la vifaa hadi saa nne, wakati wa chai.

Tumpe anafuta mafuta ya nywele kwenye kanga yake na kuinuka.

"Haloo, simu ya zamu."

"Mama Sekela?" Sauti inanong'ona. "Ni mimi, Nyamizi. Niombee."

"Nakuombea. Una nini?"

"Tumbo. Tangu juzi. Leo siwezi kusimama wima."

"Upande gani?"

"Kulia. Huku chini. Natapika."

"Mama wa nyumba umemwambia?"

Nyamizi anajibu haraka haraka: "Usimwambie mtu, dada. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Akijua naumwa hatauongeza. Wewe niombee tu."

Simu inakatika. Tumpe anapiga tena. Imezimwa.

Tumpe ana miaka ishirini na saba. Alisoma uuguzi mwaka mmoja na nusu huko Mbeya kabla ya kupata mimba ya Sekela, kuacha masomo na kumfuata mumewe Oman. Mwaka mmoja na nusu haukumfanya muuguzi, lakini maumivu ya upande wa kulia chini, siku tatu, na kutapika, anajua ni kitu cha namna gani.

"Simu ilipokatika," anakumbuka, "nilikuwa bado nimeshika kitana."

Katika nyumba hii ya vyumba viwili, kila jambo limepangwa kufuata mafunzo ya Ambakisye, mwenye miaka thelathini na mmoja. Anasoma kwa masafa katika chuo kimoja cha theolojia nyumbani Tanzania, na mafunzo ya vitendo anayafanyia huku alikoajiriwa. Awamu ya kwanza ilikuwa katika mji wa Sohar: miezi mitatu ya kupanda basi kila Alhamisi jioni na kurudi Ijumaa usiku. Awamu ya pili, ya mwisho, ni miezi sita katika usharika wa Kiswahili wa hapa Maskati. Huhubiri mara moja kwa mwezi, hufundisha watoto kila Ijumaa, na hukaa na simu ya zamu.

Mshahara wake ni rial 210, na robo yake huenda kwenye ada. Akifaulu awamu hii, mwezi wa kumi na mbili familia itakwenda nyumbani kwa kubarikiwa kwake kuwa mchungaji. Asipofaulu, atasubiri mwaka mzima. Mama yake Tumpe hajawahi kumshika Sekela. Amemwona kwenye simu tu.

Pamoja na simu huja daftari. Kila aliyepiga anaandikwa: siku, saa, shida yake, na alivyosaidiwa. Katika miezi mitano zimeandikwa simu 214, na zaidi ya 170 ni za wanawake wanaofanya kazi za nyumbani.

"Wakisikia sauti ya mwanamume, wengine hukata," anasema Tumpe. "Mambo ya mwili, mambo ya hedhi, utamwambiaje mwanatheolojia?"

Kwa hiyo hupokea yeye. Jioni humsimulia mumewe, naye huandika: "Nilipokea simu." Ndivyo walivyofanya tangu mwezi wa kwanza. Hakuna aliyeona neno.

Ukurasa wa kwanza wa daftari una masharti manne. La tatu limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: mwanafunzi haendi nyumbani kwa mwajiri wa mshirika yeyote, kwa sababu yoyote. Mchungaji mlezi, Wambua, Mkenya mwenye miaka ishirini nchini, hulirudia kila mara. "Sisi hapa ni wageni," husema. "Tumepewa uwanja wa kusalia, na ibada yetu inaishia getini. Mtu akikuona na msalaba mlangoni kwa mwenyeji, ataelewa nini, kama si kwamba tunaeneza dini?"

Asubuhi hiyo Tumpe anampigia Ambakisye mara nne. Anampigia Mchungaji Wambua. Yuko safarini, mji wa Salalah, simu haipatikani. Anafungua kitabu cha washirika. Nyamizi: kitongoji cha Sib, nyumba ya pili baada ya duka la mikate, geti la kijani.

Anambeba Sekela, butu moja limesukwa na upande wa pili nywele zimesimama, anashuka ngazi na kugonga mlango wa mwenye nyumba.

Bi Kheiria ana miaka sitini na mitatu, amestaafu kazi ya serikali, na aliletwa Maskati kutoka Unguja akiwa mtoto wa miaka tisa. Anafungua mlango na tasbihi mkononi.

"Kuna nini, mwanangu? Na huyu mbona kichwa nusu?"

Tumpe anaeleza. Hajamaliza, Bi Kheiria ameshavaa baibui lake na anatafuta ufunguo wa gari.

"Nnakwenda nawe. Wewe utasema nini kwa watu, nawe hata salamu waitoa kwa kuomba radhi?"

Barabarani Bi Kheiria anaendesha kama anayemfukuza mtu. Tumpe amemkumbatia Sekela kiti cha nyuma na anajaribu tena namba ya Nyamizi. Bado imezimwa. Anajua anavunja sharti, ingawa yeye si mwanafunzi. Atakalofanya leo litahesabiwa kwa mumewe.

"Nilikuwa nasema moyoni, kama tumbo lake ni la kawaida, nitakuwa nimemharibia Baba Sekela mwaka mzima kwa wasiwasi wangu," anakumbuka. "Halafu naona aibu, maana ni kama nilikuwa naomba awe mgonjwa kweli."

Saa kumi na mbili na nusu wako kwenye geti la kijani, Sekela mgongoni kwa mama yake. Anayefungua ni mwanamke wa makamo, mwalimu, mkoba begani, yuko mbioni kwenda shuleni. Jina lake ni Taghreed. Anaangalia baibui la Bi Kheiria, kisha kanga ya Tumpe, kisha mkono wa Tumpe.

Simu ya zamu iko mkononi. Karatasi ya msalaba imeelekea mbele.

"Tia mkobani," Bi Kheiria ananong'ona bila kugeuza kichwa. Kisha kwa sauti: "Sabah al-kheir, mwanangu. Mimi jirani yake huyu, natoka Darsait. Mna msichana wa kazi, Nyamizi?"

Taghreed, ambaye wazee wake walikuwa wafanyabiashara Tabora, anajibu kwa Kiswahili kile kile. "Yupo. Kwani kafanya nini? Na nyinyi mmemjulia wapi?"

Tumpe anaitia simu mkobani.

"Hakufanya kitu," anasema Bi Kheiria. "Mgonjwa. Mgonjwa sana, na anakuogopa."

"Ananiogopa mimi?" Taghreed anashusha mkoba. "Jana usiku kanipikia chakula! Kaniambia kachoka tu!"

"Basi twende tukamtazame. Ukiona mzima, nitukane."

Chumba cha Nyamizi kiko nyuma, karibu na tangi la maji. Mlango haujafungwa kwa ufunguo. Wanamkuta sakafuni, amejikunja, amelowa jasho, ndoo pembeni yake.

Taghreed anapiga magoti na baibui lake zuri la kazini. Anamwita jina mara mbili. Kisha anamgeukia Tumpe, mara ya kwanza. "Wewe unajua hivi vitu? Tumshike vipi?"

"Msimnyooshe," anasema Tumpe, na sauti yake inatoka imara kuliko alivyotarajia. "Mwacheni alivyojikunja. Asipewe maji wala chai. Twende sasa hivi."

Hospitalini ilionekana kidole tumbo kimeanza kupasuka, akafanyiwa upasuaji. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa hadi jioni, mambo yangekuwa mengine. Taghreed alikaa kwenye benchi la hospitali hadi adhuhuri na hakwenda shuleni. "Miaka miwili ninakaa naye nyumba moja," alimwambia Bi Kheiria. "Kumbe mimi ni mtu wa kuogopwa." Mkataba aliuongeza kabla Nyamizi hajatolewa nyuzi.

Hapo ingekuwa mwisho, lau si daftari.

Jioni ya siku ile ile, Jumanne, Tumpe alisimulia kila kitu, na Ambakisye alimshika mikono na kumshukuru Mungu. Alhamisi alasiri, Tumpe akifuta meza, alikuta daftari liko wazi. Mwandiko wa mumewe ulikuwa mzuri kama kawaida: *Nilipokea simu. Nilimshauri amweleze mwajiri wake. Alimweleza, na mwajiri akampeleka hospitali.*

Alisoma mara mbili. Safari ya Sib haikuwemo. Bi Kheiria hakuwemo, wala yeye.

"Umeandika vizuri," alimwambia mumewe aliporudi.

Ambakisye alivua viatu polepole. "Ulitaka niandikeje?"

"Kama ilivyokuwa."

"Kama ilivyokuwa, nafeli. Kesho Mchungaji anafanya tathmini. Nimwambie mke wangu alikwenda Sib na simu ya kanisa mkononi?"

"Nilikwenda kwa sababu mtu alikuwa anakufa."

"Najua, mama. Najua!" Alishusha sauti kwa ajili ya mtoto. "Nimekuficha ili wasikulaumu wewe."

"Zile mia moja na sabini nazo ulinificha nisilaumiwe?"

Ambakisye alifunga daftari. Wakati wa kula Sekela aliuliza kwa nini hakuna anayezungumza, akaambiwa ale.

Ijumaa, baada ya ibada, familia inaketi katika ofisi ndogo nyuma ya ukumbi. Mchungaji Wambua amerudi kutoka Salalah asubuhi hiyo, macho mekundu. Anasoma daftari ukurasa kwa ukurasa na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Anapofika ukurasa wa Jumanne anatua na kuusoma kwa sauti.

"Hii ndiyo kazi," anasema. "Umemshauri, hukutoka nje ya mpaka, na mtu amepona. Chuo kitafurahi."

Ambakisye anatazama viatu vyake.

Tathmini ina desturi yake. Mwisho kabisa, mke wa mwanafunzi huulizwa swali moja: mama, unaonaje huduma ya mwenzako? Jibu linajulikana na kila aliyewahi kuketi pale. *Tunamshukuru Mungu kwa yote.* Tumpe mwenyewe alilitoa Sohar, bila hata kuinua macho, kisha wakaenda kula biriani.

"Mama Sekela," anasema Mchungaji, kalamu tayari juu ya mstari wa sahihi. "Unaonaje huduma ya mwenzako?"

Kiyoyozi kinanguruma. Sekela, mabutu yote mawili yamesukwa, anacheza na kifungo cha mkoba. Tumpe anahisi jibu lile liko mdomoni, limekaa tayari.

"Jumanne haikuwa hivyo," anasema.

Kalamu inabaki hewani.

Anaeleza yote, kwa sauti ndogo, akianzia kwenye kitana. Anataja geti la kijani na karatasi ya msalaba iliyoelekea mbele. Mchungaji Wambua anavua miwani. Simulizi inapofika mlangoni kwa Taghreed, mzee anafumba macho.

"Ungejua ulichokuwa unachezea, mwanangu," anasema. "Si kwa ajili yako tu. Washirika mia tatu husali hapa."

"Ninajua, Mchungaji. Nilijua hata wakati ule."

Mchungaji anamgeukia Ambakisye. "Na wewe?"

"Ni kweli yote," anasema Ambakisye. "Na si Jumanne tu. Karibu kila ulichosoma humo, amepokea yeye. Mimi nimeandika."

Nje watoto wa shule ya Ijumaa wanagombania juisi.

"Kwenda Sib ningeweza kuwatetea," anasema Mchungaji hatimaye. "Ningeandika barua mimi mwenyewe. Lakini daftari la uongo siwezi kulitia sahihi. Awamu hii unairudia, Ambakisye. Mwezi wa kumi na mbili hakuna safari."

"Ndiyo, Mchungaji."

Tumpe anaona mkono wa mumewe ukitafuta wa kwake chini ya meza. Anauacha uupate. Anamfikiria mama yake, Mbeya, aliyekwisha kununua kitambaa cha gauni la Sekela.

Mchungaji Wambua anafunga daftari, anafungua droo na kutoa jipya, kurasa zake bado zimeshikana. Anaandika tarehe. Kwenye mstari wa jina anasita, anawatazama wote wawili.

"Simu haiwezi kukaa bila mtu," anasema. "Niandike nani?"

Ambakisye anamtazama mkewe. Simu ya zamu iko mezani kati yao, na kama iliyosikia, inaanza kuita. Tumpe anainyooshea mkono, lakini kabla ya kuipokea anamtazama mzee machoni.

"Niandike mimi, Mchungaji," anasema. "Na chuo kikikubali, nataka na mimi nisome."