Tangazo la Kemunto

Kipaza sauti kikikwaruza, kabla mtu hajasema neno, mate hunikauka hadi leo. Niwaambieni kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Sabato hiyo, hapa Manga, mdogo wangu Kemunto alitoka uani akapotea. Alisikia vizuri, ila hakuweza kusema, ukimwita haitiki. Kumpata kulihitaji macho mengi. Mama alishika njia ya mtoni, mimi akanituma kanisani.

Mzee wa kanisa alikuwa mlangoni.

"Wee Moraa, na hayo matope unaingia wapi?"

"Kemunto amepotea. Mama anaomba mtangaze."

"Matangazo yalishapita. Andika, yatasomwa baada ya chakula."

Nikaandika kama barua rasmi tuliyofundishwa shuleni: anwani pembeni, kisha "YAH: KUPOTEA KWA KEMUNTO", nikapiga mstari chini yake. Mzee akaikunja, akaitia ndani ya Biblia. Mahubiri yakaendelea. Nilikaa nje nikinusa vyakula kwenye mahotpoti. Sikuthubutu kupiga kelele kanisani.

Barua iliposomwa kwenye kipaza sauti, kanisa zima lilitoka mbio, wengine na vijiko mkononi. Hawakumaliza kupekua hata mashamba mawili ya majani chai, wakampata. Alikuwa kwenye shimo la matofali lililojaa maji ya mvua. Aliyemtoa alisema mwili bado una joto.

Tangu hapo nilimwombea mzee yule naye apotewe. Nilimtaja kwa jina kila jioni, hata baada ya kuolewa.

Baadaye nilianzisha kundi la WhatsApp la kijiji. Mtu akipotea, picha yake, nguo alizovaa na mahali alipoonekana mwisho vinatoka papo hapo. Mimi pekee ndiye hutuma, ili lisijae utani.

Mwaka jana mzee akaja kwangu akihema.

"Moraa, mama, mke wangu haonekani. Unajua kichwa chake siku hizi. Tuma, tafadhali."

"Keti, baba. Namalizia vikombe."

Nikaosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi. Nikavipanga. Alisimama, akaketi tena, nami nikasikia utamu, siwafichi. Kisha nikatuma. Mkewe alipatikana sokoni Nyaramba, hai, ameketi kati ya wauza ndizi.

Utotoni niliamini mzee alituchukia. Sasa najua hakutuchukia. Hakujua tu dakika zinaweza kufanya nini. Mimi nilijua, na bado nikamketisha.