Miguu Juu ya Gunia la Mahindi

Asubuhi hiyo tulikuwa tunamenya karanga nyumbani kwa baba mkubwa, kijijini Ilembo, kando ya ziwa. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, na shemeji Spesioza, mke wa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa huyo, alikuwa ananicheka.

"Shemeji, huko wanakufundisha nini? Mimi nimejaza ungo, wewe bado unayaangalia maganda!"

"Falsafa."

"Inaliwa na ugali?"

Akachukua ndoo, akaenda ziwani kuchota maji. Vita vilikuwa ng'ambo. Mitumbwi ya wakimbizi tulishaizoea. Uliofika siku hiyo ulikuwa unafukuzwa na boti ya watu wenye bunduki.

Risasi moja ilimpata Spesioza pajani.

Tulimbeba mpaka zahanati. Nesi Modesta alilifunga paja kwa nguvu, akamlaza chali kitandani, miguu juu ya gunia la mahindi. Ngozi ilikuwa ya baridi, imelowa jasho. Mapigo yalikwenda mbio, membamba kama uzi. Modesta alimwekea dripu, chupa pekee iliyobaki. Hapakuwa na pa kuitundika.

"We msomi, shika. Juu! Damu iliyobaki ni kidogo, inatakiwa moyoni na kichwani. Akiinuka, inashuka miguuni, tunampoteza."

Hatimaye elimu yangu ilipata kazi: kuwa mti.

Maji yakadondoka. Baadaye Spesioza akafumbua macho, akauona mkono wangu.

"Shemeji, mwalimu hajakuona?"

Tulicheka. Nikaamini amepona.

Baba mkubwa akaingia.

Kwetu mkamwana hamwamkii baba mkwe akiwa amelala, sembuse miguu ikiwa juu.

"Lala, mwanangu! Lala!" mzee alisema.

Modesta, aliyekuwa kwenye kabati la dawa, aliruka.

Spesioza alikuwa ameshashuka, amepiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, baba."

Akaanguka kabla ya kuitikiwa.

Modesta alimlaza, akamkandamiza kifua, akampulizia hewa mdomoni, akakandamiza tena na tena. Mimi niliendelea kuinua chupa. Hakuna aliyekumbuka kuniambia niishushe.

Mzee alikaa chini ukutani.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Leo mabinti zangu hawapigi magoti kwa mtu yeyote. Ndugu zangu wa Ilembo wanasema chuo kikuu kiliniharibu. Nawaacha waseme hivyo.