Ufa wa Kanisa Letu

Mtoto wangu akichonga penseli kwa wembe, harufu ya zile taka za mbao hunirudisha moja kwa moja Idete, miaka ya tisini, mbele ya kanisa letu la kigango. Nilikuwa darasa la nne, na kazi niliyopewa ilinivimbisha kichwa, siwafichi.

Padri wetu alikuwa anahamishwa. Akina mama wa jumuiya walikubaliana kumuaga kwa kitambaa cheupe kilichodariziwa picha ya kanisa, na sindano akaaminiwa mama yangu. Kuchora nilikuwa najua mimi. Basi nikakaa pale na penseli, kitambaa kimebanwa juu ya ubao, nikachora mnara wa kengele, madirisha ya upinde, msalaba ulioinama kidogo, na ule ufa uliotoka juu ya mlango ukapanda hadi karibu na bati. Huo ufa niliuchora kwa raha kuliko vyote.

Mama alidarizi jioni, akitoka kwenye mpunga. Kwa akina mama wa kwetu mstari wa penseli haufutwi, uzi ndio unaoufunika. Siku ya kuaga, kabla ya misa, Mama Severina, mwenyekiti wa jumuiya, akakikunjua kitambaa.

“Jamani, Mama Tasiana! Hata ufa umeudarizi? Tunamuaga Baba, au tunamsema?”

Muda wa kufumua haukuwepo. Mimi misa nzima niliwaza tu kwamba mama hataaminiwa tena sindano, na chanzo ni mimi.

Padri alikipokea, akakisogeza karibu na miwani. Kidole chake kikaufuata uzi wa kijivu kutoka mlangoni kwenda juu, polepole.

“Ufa wangu!” akasema, akacheka hadi machozi. “Kila kiangazi nauziba kwa saruji, kila masika unafunguka. Leo naondoka nao!”

Vigelegele vikapasuka, na cha Mama Severina kilishinda vyote. Nilishusha pumzi, nikacheka ovyo kama mwendawazimu.

Kwa miaka mingi niliamini mama alifuata tu mistari yangu bila kuangalia. Nimekuja kuelewa ukubwani. Kila Jumamosi yeye ndiye aliyefagia kanisa, na vumbi la saruji lililodondoka kutoka kwenye ule ufa alilizoa yeye. Isitoshe, nyumbani kwetu hapakuwahi kuwa na uzi wa kijivu. Aliufuata mjini Ifakara.