Alama za vidole juu ya kijiji kilichozama

Saa tatu asubuhi, Maureen Tkachuk anakwaruza raba kama mtu anayeandaa karoti za supu. Ni raba ya kufutia penseli, nyeupe, laini. Chenga zinadondoka juu ya mchoro wa penseli, naye anazizungusha kwa ncha za vidole bila kukandamiza. Zikishakuwa nyeusi, anazifagia kwa brashi na kumwaga nyingine.

"Polepole, bibie," anajiambia. Hakuna mwingine wa kumwambia.

Karakana yake, anamosafisha michoro ya zamani, iko chini ya jumba la makumbusho, kaskazini mwa Ontario, Kanada. Ina stuli mbili. Moja ilikuwa ya mwenzake Denise, aliyestaafu na nafasi yake haikujazwa. Maureen, mjane wa miaka 59, analipwa kwa siku tatu tu za wiki, lakini anakuja zote tano.

"Nyumbani nikafanye nini? Nipige soga na friji?" anasema akicheka. Kicheko kinakatika upesi. "Upweke unaniuma, sikufichi."

Mchoro alioinamia ni wa Corbin's Ferry, kijiji kilichozama bwawa la umeme lilipojengwa. Mwalimu wa shule alikichora nyumba kwa nyumba, kiangazi cha mwisho kabla ya maji. Kisha mchoro ukatundikwa bila kioo katika ukumbi wa kanisa kule wanakijiji walikohamishiwa. Ukashika vumbi, ukashika masizi, na juu ya nyumba nyingi yakaota madoa meusi ya mafuta.

Ijumaa anakuja Lloyd Pettigrew, mzee wa miaka 84, aliyezaliwa kijijini humo. Macho yake yanazima. Anataka kuiona nyumba yao angali anaona, na nyumba yao ndiyo yenye doa baya kuliko yote.

"Raba haichagui," Maureen anaeleza. "Inabeba uchafu, inabeba na penseli. Nikizidisha, nitamkabidhi mzee wa watu karatasi safi isiyo na nyumba."

Madoa mawili ya pembeni ameshayatoa. Kwenye la Pettigrew mkono unasita. Analiacha.

Ijumaa, Lloyd anaketi kwenye stuli ya Denise, theluji ikimyeyuka mabegani.

"Nisamehe, mzee wangu. Doa la kwenu limenishinda."

"Doa gani?" Anainama mpaka pua inakaribia karatasi, kisha anacheka hadi anakohoa. "Doa wapi, mama wee! Hicho ni kidole cha mamangu! Kila Jumapili baada ya ibada tulipanga foleni hapo, kila mtu akigusa nyumba yake. 'Petu hapa! Petu hapa!' Na mikono imejaa siagi ya keki. Mchungaji alifoka mpaka akachoka."

Maureen hacheki. Anaonyesha nyumba mbili safi za pembeni. "Hizi nimezifuta."

Lloyd anainama tena. "Kina Haskett hao. Na Doyle, yule kapera. Hawana mtu aliyebaki."

"Ee Mungu wangu."

"Basi, basi. Hukujua." Anamsogezea kikombe chake mwenyewe cha kahawa. "Hayo mengine usiyaguse. Nitakuja Ijumaa nyingine, nikwambie kila kidole cha nani."

Sasa Maureen anasafisha sehemu za anga na mto tu. Anapanga kuuonyesha mchoro na madoa yake yote, majina ya wenyewe yakiwa pembeni, na kina Haskett na Doyle wakitajwa wa kwanza.

Je, mzee atarudi kweli, na barabara zilivyo na barafu?

"Kusema ni rahisi, najua," anajibu, akiokota chenga iliyoanguka kwenye stuli ya pili. "Lakini kahawa nimenunua ya watu wawili."