Komeo la Skuta ya Daktari wa Meno

Daktari wa meno wa mtaa wetu, hapa vilimani Valparaíso, huenda kazini kwa skuta ya kusukuma kwa mguu, ile ya kukunja. Siku moja ilijikunja yenyewe mteremkoni ikamtupa kwenye kapu la Doña Eduvina, muuza mikate. Tangu hapo kila jioni tulimwona kibarazani, miwani puani, akiikwangua skuta kwa vidole vyenye harufu ya karafuu na kuisemesha kwa sauti ileile anayobembelezea wagonjwa. Akaitia breki ya nyuma, kengele, na komeo jipya lisilofunguka ovyo.

Kweli halikufunguka. Kwenye lifti ya kupandia kilimani, mwendeshaji, Don Baldomero, alimzuia mlangoni: "Ikunje kwanza, daktari, watu wapite."

Daktari akavuta, akagonga, mwisho akapiga magoti. "Tulia, mama, haitauma," akainong'oneza skuta. Komeo likafyatuka, likambana kidole, akapiga ukelele foleni nzima ikaruka.

"Ndivyo ulivyoniambia mimi siku ya gego langu!" Don Baldomero akacheka, kashika shavu.

Kesho yake komeo lilikuwa limevishwa mpira. Nasi siku hizi, tukimpanulia kinywa, hutuambia, "Itauma kidogo, jirani. Vumilia."